Faili nililipata mimi, barua kapewa kijana

Anti, shikamoo.

Nina miaka 37, nina mume na watoto wawili, na ni mtumishi wa wakala mmoja wa serikali hapa Dodoma. Kada yangu ni kumbukumbu, yaani masijala, tunakotunza majalada ya ofisi. Niliajiriwa mwaka 2011 nikitokea chuo Tabora, wakati huo ofisi zetu zikiwa bado Dar es Salaam. Nimejiendeleza kidogo kidogo, na mwaka juzi nikateuliwa kuwa msimamizi wa masijala. Nina watu watano chini yangu. Mmoja wao ndiye aliyenifundisha kazi.

Tunamwita Mzee, na alikuwa akiitwa hivyo hata kabla hajaota mvi. Sasa ana miaka 58, amebakiza miwili astaafu. Huyu ndiye aliyenionyesha namna ya kufungua jalada, kupanga folio (karatasi za ndani ya jalada), na kuandika dokezo (maelezo mafupi ya ofisini) ambalo bosi atalisoma mpaka mwisho. Mwaka 2013 nilifanya kosa kubwa. Barua ya masijala ya siri niliichomeka kwenye jalada la wazi, ikazunguka ofisi tatu kabla haijashtukiwa. Nilikuwa na mimba ya kwanza, nimechoka, mpaka leo sikumbuki nilivyofanya. Yalipotakiwa maelezo, Mzee aliandika kwamba ni yeye. Akapewa onyo, na mwaka huo wenzake walipopanda daraja yeye akabaki palepale. Hajawahi kunikumbusha jambo hilo hata kwa utani.

Tangu niteuliwe ananiita Bosi. Mimi namwamkia shikamoo kila asubuhi, yeye anasimama kunipokea. Nimemwomba aache, anacheka tu.

Anti, Mzee haoni vizuri. Hajaniambia, nimeona mwenyewe. Jalada hulipeleka dirishani akaligeuzageuza kama anayekagua noti. Akipita kati ya makabati anatanguliza mkono wa kushoto, anagusa rafu ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu anasimama. Anajua mahali pa kila kitu kwa vidole. Mara mbili amejigonga kwenye toroli la mafaili lililokuwa ubavuni mwake, wala si mbele. Ukimuuliza anasema taa za jengo hili mbovu.

Ilipokuja PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi, badala ya ule wa zamani wa OPRAS, kila mtumishi alitakiwa aingie mwenyewe kwenye mfumo, aweke majukumu yake na utekelezaji wake, kisha msimamizi amtathmini. Mzee alinifuata na kikaratasi, nywila yake kaiandika kwa kalamu nene. "Bosi, nisaidie hiki kitu, maandishi yake kama siafu." Nikamsaidia. Nikamsaidia tena. Mpaka leo namjazia mimi, halafu natoka kwenye akaunti yake naingia kwenye yangu, nampa alama.

Sasa lililoniondolea usingizi. Kuna jalada binafsi la mtumishi mwenzetu aliyestaafu, lilihitajika ili malipo yake fulani yakamilishwe. Halikuonekana kwa wiki tatu. Huyo mstaafu amekuja mara nne kutoka Singida kulifuatilia. Rejesta ya mwendo wa majalada inaonyesha aliyelichukua mara ya mwisho kwa ofisa ni kijana wetu mmoja wa miaka 26, na hapakuandikwa nani alilirudisha rafuni. Kijana alisema alimkabidhi Mzee, lakini hana saini.

Jioni moja nilibaki peke yangu nikaamua kupitia rafu moja baada ya nyingine. Jalada lile namba yake inaishia na 38. Nililikuta katikati ya 87 na 89, limekaa sawasawa na 88 yenyewe. Utepe umefungwa fundo mbili, namna anayofunga Mzee peke yake. Alitufundisha wote, hakuna aliyeshika.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Kesho yake nikapeleka jalada kwa ofisa nikasema, "Limeonekana." Hakuna aliyeuliza limeonekana wapi. Nilidhani yameisha. Siku mbili baadaye Mkurugenzi wa Utawala akaagiza kijana aandikiwe barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa uzembe. Barua iliandikwa na ofisi ya utumishi, lakini ilipitia kwangu, mimi ndiye niliyemkabidhi. Yuko kwenye matazamio, amebakiza miezi mitatu athibitishwe kazini. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante dada." Amepewa siku 14.

Mzee alipoona kijana kainama mezani alimwambia, "Usiogope, mwanangu. Andika ukweli, ukweli hauna gharama." Nilitoka nje.

Nikisema nilipolikuta jalada, watauliza nani huwa anarudisha majalada rafuni. Wakimchunguza Mzee wataona macho. Watamstaafisha kwa ugonjwa, miaka 34 ya kazi iishie kwa aibu, na mimi ndiye niliyemchoma. Nikinyamaza, kijana anaingia kwenye ajira na doa. Mume wangu anasema ofisini kila mtu abebe msalaba wake. Sijui huo msalaba ni wa nani. Nisaidie Anti.

Mtunza siri, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilifanya jambo la kitoto kidogo, nikahesabu mistari. Mzee amepata zaidi ya nusu ya barua. Kijana amepata mistari michache, na yule mstaafu wa Singida amepata sentensi moja tu, ya kwamba alikuja mara nne. Sikulaumu. Moyo huandika kwa kirefu pale unapodaiwa. Ila nimekutajia hesabu hiyo kwa sababu ukiwa na watu watatu mezani na mmoja amechukua meza nzima, ni rahisi kuamini kwamba shida ni moja na ni yake.

Mimi naona mambo mawili yamefungwa utepe mmoja. Kuna macho ya Mzee, ambayo ni mambo ya mwili wake, na kuna mahali jalada lilipokutwa, ambalo ni jambo ulilolishuhudia wewe ukiwa kazini. Umeyaweka yote mawili kwenye masijala ya siri. La kwanza lina haki ya kukaa humo. La pili sina hakika, na nadhani hata wewe huna, ndiyo maana ulikaa sakafuni.

Kwanza tuseme kuhusu deni la 2013, maana ndilo linalokushika koo. Mzee alibeba kosa lako akijua anabeba nini. Alikuwa mtu mzima, amethibitishwa kazini, mwenye jina katika ofisi, akapima akaona mgongo wake unaweza. Alijitwika mwenyewe. Kijana wako hakujitwika, katwishwa, na aliyemfunga mzigo mgongoni kwa mikono yake ni yule anayemwita dada. Basi najiuliza, na nakuomba ujiulize pia: mtu aliyefanya vile mwaka 2013, akijua leo kwamba mtoto wa miaka 26 amesimama mahali pake, angekushukuru kwa kumficha? Labda ndiyo. Binadamu wa miaka 46 na wa miaka 58 si lazima wawe mmoja, hofu ya kustaafu imebadilisha wengi. Lakini wewe umeshamjibia kabla hajaulizwa.

Na hilo ndilo jambo la pili. Hebu angalia tena alichomwambia kijana: andika ukweli, ukweli hauna gharama. Wewe ulitoka nje kwa sababu ulisikia unafiki, au ulisikia uchungu, sijui. Mimi nilisikia mtu asiyejua. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba 38 aliiweka kwenye 38. Kama haoni kwamba hakuona, atajuaje? Inawezekana pia anajua na anajifariji. Nimeishi vya kutosha kutomwekea mtu dhamana kwa maneno yake. Ila kati ya hizo mbili umechagua moja na kuijengea nyumba.

Vivyo hivyo na hayo macho. Unaandika kana kwamba Mzee anapofuka na hakuna tena la kufanya. Nani kampima? Mtu wa miaka 58 asiyetofautisha 3 na 8 karibu na uso anaweza kuwa anahitaji miwani ya kusomea na hakuna zaidi, yale macho ya utu uzima yanayotukuta sote. Anaweza kuwa na mtoto wa jicho, na huo unafanyiwa upasuaji, mtu akatoka kesho yake anahesabu mbuzi mlimani. Inaweza kuwa sukari imeshika macho na yeye hajui kama ana sukari. Lakini ulivyosema anajigonga na vitu vya ubavuni, wala si vya mbele, nilishtuka kidogo, maana presha ya macho huanza kula pembeni ikielekea katikati, mara nyingi haiumi, na mwenye nayo hulaumu taa. Hiyo ndiyo yenye haraka kuliko zote. Kilichopotea kwa presha ya macho hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone au upasuaji, mtu akiwahi. Mimi si daktari na sijamwona Mzee. Ninachosema ni kwamba ukimya wako, ambao unauhesabu kuwa ndio unaomlinda, unaweza kuwa unamgharimu zile siku ambazo daktari wa macho angezitaka. Ni mtumishi wa serikali, kadi ya bima ya NHIF anayo mfukoni, na hapo Dodoma hospitali zenye kitengo cha macho zipo.

Sasa hofu ya kustaafishwa. Siyo hofu ya bure, na sitaki kukufanyia mzaha nayo. Lakini kustaafu kwa ugonjwa hakuamuliwi na mkurugenzi aliyekasirika wala na msimamizi wa masijala. Kuna bodi ya madaktari. Na kabla ya kufika huko kuna ngazi nyingi: kupimwa, kutibiwa, likizo ya ugonjwa, kubadilishiwa majukumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamkataza mwajiri kumbagua mtumishi kwa sababu ya ulemavu. Najua utaniambia, Anti, sheria iko kwenye kabati na bosi yuko ofisini. Kweli. Kuna ofisi ambazo mtu akionekana kupungua wanaanza kumsahau kwenye safari, kwenye semina, kwenye vikao, mpaka anaomba mwenyewe kuondoka. Wewe unaijua ofisi yako kuliko mimi. Nakuomba tu utenganishe kile ambacho ofisi inaweza kumfanyia na kile ambacho usingizi uliokatika unakuambia itamfanyia.

Tena yeye mwenyewe ana mlango. Alipofika 55 aliweza kustaafu kwa hiari, akiondoka kwa barua yake mwenyewe na kuagwa kwa heshima. Hajautumia, na naamini ana sababu: kila mwezi wa utumishi unaingia kwenye hesabu ya kikokotoo cha pensheni, na miaka miwili siyo hela ya karanga. Pengine ana mtoto chuoni, pengine nyumba haijapauliwa. Hayo hujayaandika. Unayajua?

Twende kwa kijana, maana siku zake zinahesabika; safu hii itakapotoka nadhani atakuwa amebakiza nne au tano. Alichopewa bado ni barua ya kujieleza. Hajapewa hati ya mashtaka, hakuna kamati ya uchunguzi. Unajua zaidi yangu tofauti ya hatua hizo. Kwa sasa neno moja la msimamizi wake linaweza kulimaliza jambo hili kwenye dokezo la nusu ukurasa. Likishafika kwenye kamati, neno hilohilo litakuwa ushahidi, na swali la kwanza litakuwa kwa nini hukulisema mapema. Na mtu aliye kwenye matazamio hata asipoadhibiwa anaweza kuongezewa muda badala ya kuthibitishwa, akabaki ananing'inia, na hakuna atakayemwambia ni kwa ajili ya faili gani.

Dokezo hilo lingekuwa na nini? Nimejaribu kuliandika kichwani. Kwamba jalada namba fulani ulilikuta wewe, tarehe fulani, masijala, kwenye nafasi isiyo yake. Kwamba rejesta haina sehemu inayojazwa na anayerudisha jalada rafuni, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha nani alilirudisha. Kwamba kwa utaratibu huo si haki kumbebesha mtu mmoja, na kwamba usimamizi wa utaratibu huo ni wako. Hapo hakuna macho, hakuna Mzee, na hakuna uongo. Litaweza kumtoa kijana, na sehemu ya lawama litaiweka begani kwako, maana kweli rejesta ni yako.

Ila sitakuficha hatari zake. Mkurugenzi makini atauliza: kwa kawaida nani anarudisha? Hapo utakuwa umesimama mbele ya swali ambalo dokezo lililikwepa, na itabidi uamue papo hapo, ukiwa umesimama, jambo ambalo umeshindwa kuliamua ukiwa umelala. Hatari nyingine ni yako binafsi: ulisema "limeonekana" ukanyamaza, ukashuhudia barua inaandikwa, ukaikabidhi. Anaweza kukuona mzembe au mwenye kuficha. Uteuzi wa msimamizi hutenguliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Sisemi itakuwa hivyo. Nasema uende ukilijua hilo.

Unaweza pia kuanza na Mzee, kabla ya dokezo. Faida yake ni kwamba unampa nafasi ya kufanya mwenyewe lile analolijua kulifanya. Mwanamume aliyekuwa tayari kuandika "ni mimi" kwa kosa lisilo lake anaweza kuliandika kwa lililo lake, akitendewa kama mtu na siyo kama yai. Hatari ni kwamba anaweza kuinuka palepale akaenda kwa mkurugenzi, kwa fahari, akaweka barua ya kuacha kazi mezani, akavuruga hata stahili zake. Au anaweza kukana. Akakukatalia kabisa, akakutazama na macho yayo hayo, akakuambia, "Bosi, umebadilika." Hilo likitokea utakuwa umempoteza Mzee na siku mbili za kijana zimekwenda. Je, ungeandika dokezo hata hivyo? Usinijibu mimi. Lakini lijibu kabla hujamfuata, kwa sababu ukimfuata hujui jibu lake, utajikuta unamwomba ruhusa, na ruhusa hiyo si yake kuitoa.

Njia ya tatu ni kwenda kwa afisa utumishi, ukauliza bila kumtaja mtu: mtumishi akidhoofika macho utaratibu ukoje. Sikupi moyo sana hapo. Masijala ya watu sita, mmoja ana miaka 58. Hata mlinzi wa getini atajua unayemsema.

Na ipo njia ya kunyamaza. Wengi wangekushauri hivyo, mumeo amekaribia kusema hivyo. Huenda kijana akajieleza vizuri, yakaisha. Hutokea. Huenda Mzee akamaliza miaka miwili, akaagwa kwa keki na redio. Lakini kwenye rafu hizo kuna majalada mangapi ambayo vidole vyake vimeyaweka mahali pa mengine? Kila moja ni mtu. Kupanda daraja, likizo, mirathi, malipo. Yule wa Singida alilipa nauli mara nne na faili lake lilikuwa mita chache kutoka alipokaa kusubiri. Kunyamaza kuna gharama, tofauti yake ni kwamba anayelipa hapiti mbele ya meza yako.

Kuna jambo moja ambalo nitakuwa mkali kidogo, nisamehe. Hiyo PEPMIS. Mwanangu, wewe unafanya mtihani, wewe unasahihisha, na jina juu ya karatasi ni la mwingine. Nia yako ilikuwa huruma, naiona. Lakini nywila ya mtu kuitumia wewe, halafu kuthibitisha kazi uliyoiandika wewe, hakuna atakayeisikiliza kama huruma siku itakapofunguliwa, na mifumo ya namna hiyo kwa kawaida huhifadhi nani aliingia saa ngapi. Wewe ni mtu wa kumbukumbu, hilo sikufundishi. Vilevile angalia ilivyomfanya yeye: kwenye mfumo Mzee ni mtumishi asiye na shida yoyote. Siku akihitaji kusema macho yananisumbua, alama ulizompa zitamkana. Anaweza kubadilisha nywila, akaketi kwenye kompyuta yake mwenyewe, ukamkuzia maandishi ya skrini mpaka yawe kama ya bango, akaandika polepole wewe ukiwa pembeni unamsomea. Itachukua mchana mzima. Na hapo utaona kwa hakika, kuliko pale dirishani, anaona kiasi gani.

Namba za rafu nazo, kwa vyovyote utakavyoamua, ziandikwe upya kwa kalamu nene kwenye karatasi nyeupe, kubwa kama namba za daladala. Hakuna atakayeuliza kwa nini. Na rejesta iongezwe safu ya "aliyerudisha". Nimesikia ofisi nyingi sasa zinahamia e-Ofisi, makaratasi yanaskaniwa na kuingia kwenye mfumo. Ikiwafikia, mtu anayejua historia ya kila jalada kwa kichwa atakuwa na thamani kuliko anayejua kubeba. Wasomi wenye macho makali mtawapata. Anayekumbuka jalada la mwaka 1996 lilifungwa kwa sababu gani ni huyo mmoja.

Nimebaki na maswali kuliko majibu, na baadhi ni wewe tu mwenye kuyajua. Kijana alipokuambia "Ahsante dada," ulimjibu nini? Hukuandika. Na Mzee, miaka yote hii, umewahi kumshukuru kwa mdomo kwa lile la 2013, au nalo mlilifunga fundo mbili? Nauliza kwa sababu naona kama mazungumzo unayoyaogopa yana mlango wa mbele na wa nyuma. Wa mbele ni "Mzee, huoni." Wa nyuma ni "Mzee, mwaka ule uliniokoa, na sikukwambia kitu." Ukipita wa nyuma, hayo ya jalada na ya macho yanaweza kufuata kwa hatua zake, na yeye ndiye atakayekuwa amekukaribisha.

Ukiamua kwenda, usimwite ofisini kwako, kule atasimama. Nenda kwake Jumamosi, ubebe sukari na majani ya chai kama mgeni yeyote, na uwahi asubuhi. Mwenye macho mabaya jioni humtesa, na kwa maneno kama hayo ni vizuri aweze kuuona uso wako.